Pepo Hafungi Utepe

Alikuwa akijikuna kichwa kwa mpini wa kijiko. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, kabla sijajua jina lake. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko la Madan Olibris, kitambaa cha buluu kimefungwa mpaka juu ya nyusi. Aliingiza mpini chini ya kitambaa, akausukuma, akauzungusha polepole, akafumba macho kama mtu anayekula kitu kitamu. Nikajiuliza, kwa nini asijikune kwa vidole? Hata maskini ana vidole.

Sikumuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Nenenn, mama yangu wa ubatizo, huwaambia wateja wake kwamba ulimi wangu ni wa akiba, nautunza nikautumie mbinguni. Watu hucheka, huchukua ndizi zao za kukaanga, hujiendea. Nenenn alinileta hapa mjini Jacmel nikiwa darasa la nne, na hilo darasa la nne nililiacha huko huko milimani. Tangu hapo kazi yangu ni kumenya ndizi, kuziponda, kuzikaanga na kuosha masufuria. Masufuria hayadai maneno.

Ua wetu una nyumba tatu na bomba moja katikati. Mbele anakaa Madan Olibris, muuza mitumba, pamoja na binti yake Nadège. Nyuma ni sisi. Pembeni ni Yoland, anayefulia watu nguo, na ambaye sauti yake hufika sokoni kabla yake. Mtoto wa kijiko aliitwa Lovena. Alikuwa na miaka sita, labda saba. Baba yake, marehemu, alikuwa kaka yake Madan Olibris. Mama yake, Anièse, alimteremsha kutoka milimani kabla ya Krismasi ili akae kwa shangazi asome. Shule hakuiona. Alichota maji, alimwaga makopo ya usiku, alimbebea Nadège mkoba mpaka kwenye geti la shule kisha akarudi kufagia. Hakuna aliyeshangaa. Karibu kila ua una mtoto wa namna hiyo.

Siku moja kwenye foleni ya bomba, Nadège alikivuta kile kitambaa kwa utani akakimbia nacho.

"Mama yangu wee!" Yoland alipiga kelele, ndoo ikamponyoka.

Nilitazama. Nikaelewa kijiko.

Sitaki kusema nywele zake zilikuwa kama kiota, maana kiota kina mlango. Zilikuwa kitu kimoja, kigumu, kimelalia upande wa kushoto, kama kipande cha godoro kuukuu kilichoshonewa kichwani. Kulikuwa na majivu ndani yake, na majani ya godoro, na manyoya ya kuku. Kidole kisingeingia. Hata maji yangefikiria mara mbili.

Lovena hakulia. Aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa, akainama, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Madan Olibris alitoka mbio, akamfunika kwa upande wa kanga ya mitumba aliyokuwa ameishika. "Mnatazama nini? Hamjawahi kuona nywele za Simbi?"

Watu walirudi nyuma. Simbi ni pepo wa chemchemi na mito, kila mtu kwetu anamjua. Kuna watoto ambao nywele zao hujisokota zenyewe, na watu husema ni zake. Hazikatwi ovyo, hazichanwi ovyo, mpaka mwenyewe aombwe.

"Kila jioni namchana," Madan Olibris alisema, mkono kifuani. "Namchana mpaka vidole vinaniuma. Asubuhi nakuta ziko hivyo. Mnadhani napenda? Nimepewa mzigo, naubeba."

"Pole, Madan," Yoland alisema, akaokota ndoo yake kwa adabu zote.

Nilimjua mtoto mmoja wa nywele hizo kwetu milimani, mvulana aliyekaa karibu na mto. Kamba zake zilifika mabegani, safi, zimepakwa mafuta, na bibi yake alizipanga kila asubuhi kama anayepanga maua ya altare. Ukimkaribia unanusa majani ya mrehani. Lovena alinuka moshi na godoro lililoloa. Nilijua. Sikusema.

Tangu siku hiyo watoto wa ua hawakucheza naye. Wanawake walimpisha kwenye bomba, na yeye, maskini, akadhani amekuwa mkubwa. Yoland alimsalimia kabla ya kusalimiwa. "Habari za asubuhi, mtoto wa maji," anasema, kisha anarudi hatua moja. Lovena anamtazama tu, ndoo kichwani juu ya lile godoro.

Halafu zikaja habari kwamba Anièse anashuka kwa sikukuu ya watakatifu wa mji.

Ilikuwa mkesha wa sikukuu, mchana. Nilikuwa namenya ndizi. Nikamwona Madan Olibris anaweka beseni karibu na bomba, anaweka kiti, anatoa wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake.

"Lovena! Njoo hapa."

Lovena alikuja, akauona wembe, akakumbatia nguzo ya bomba.

"Achia hiyo nguzo."

"Hapana, shangazi."

"Nasema achia! Una mapunye. Mama yako akija atakuta kichwa safi, nitamwambia daktari ndiye aliyesema."

"Mama hatanijua," Lovena alisema.

Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake ikifika urefu huo. Haikuwa sauti ya kulia. Alisema kama mtu anayekujulisha jambo ambalo pengine hukulifikiria: akinyolewa, mama yake atampita kwenye ua akimtafuta mtoto mwingine.

Madan Olibris alimshika mkono akaanza kuubandua kwenye nguzo, kidole kimoja kimoja.

"Nywele za Simbi hazinyolewi."

Nani kasema? Hata mimi niligeuka kutazama. Nilikuwa nimesimama, kisu cha ndizi mkononi, maganda yameanguka miguuni.

"Umesema nini, wewe bubu?"

"Nywele za Simbi hazinyolewi, Madan. Ulisema mwenyewe. Sasa yamekuwa mapunye?"

Yoland alitoa kichwa dirishani. "Anamnyoa? Anamnyoa mtoto wa Simbi? Hapo kwenye bomba?" Akatoka mzima mzima, mikono ina povu. "Madan Olibris, umerukwa na akili? Pepo wa maji, unamnyolea mtoto wake juu ya maji ya ua mzima? Tukikauka? Tukiharisha? Mimi nafua nguo za watu, naishi kwa hilo bomba!"

"Yoland, nenda kafue."

"Siendi popote! Weka wembe chini kwanza!"

Nenenn naye alikuwa amefika, mwiko mkononi. Alinitazama mimi, hakumtazama Madan. "Wisline. Kuna ndizi za kumenya. Usiingilie ya watu."

"Zitasubiri, Nenenn," nilisema.

Mwiko ukabaki hewani. Katika miaka yangu yote pale, hakuna ndizi iliyowahi kunisubiri.

"Nitazifungua mimi," nikasema. Maneno yalikuwa yameshaanza kutoka, na niliona ni aibu zaidi kuyarudisha. "Sitakata hata unywele mmoja. Kama ni za Simbi hazitafunguka, atazizuia mwenyewe. Mama yake akija nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba ni pepo, na wewe, Madan, nitakupigia magoti. Lakini kama ni nywele tu, zitafunguka."

"Hilo ni sawa," Yoland alisema haraka. "Hilo Simbi hawezi kulikasirikia. Hajanyang'anywa, ameulizwa."

Madan Olibris alicheka. Aliwatazama watu waliokuwa wanakusanyika, akaona hana pa kupitia. "Fungua basi. Tuone huyo msusi wa ndizi." Kisha akanikaribia, akaninong'oneza sikioni, tabasamu lake halijatoka usoni: "Kesho wataondoka wote kwenda kwenye sikukuu. Watu wakilala, wembe haulali."

Nilimkalisha Lovena chini, katikati ya magoti yangu, mbele ya mlango wetu. Nilipasha moto mafuta ya nyonyo kwenye kikombe cha bati, yale meusi mazito tunayotumia kwa kila kitu, kikohozi na nywele.

"Mloweke kwanza!" Yoland alishauri. "Sabuni na maji ya moto, zote zitalainika."

"Maji bado."

"Mimi ni mfuaji, nakwambia mimi!"

"Ukifua sweta la sufu kwa maji ya moto linakuwaje?"

Yoland alifikiri. "Linakuwa la mdoli."

"Basi."

Nilimimina mafuta, nikayakanda yaingie. Nilianza nyuma, karibu na shingo, pembezoni, pale ambapo bado kulikuwa na ncha za kushika. Ukianzia katikati unapoteza siku. Unashika mzizi kwa mkono mmoja ili kichwa kisivutwe, na kwa mkono mwingine unatoa unywele mmoja, unywele mwingine, kama unayeondoa mawe kwenye mchele. Chanuo lilikuwa halina kazi bado. Nilitumia vidole, na vidole viliposhindwa nilitumia shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, upande wa tundu ambao hauchomi.

"Ukiumia, nibane mguu," nilimwambia.

Hakubana. Nilikuwa nikivuta na kuona ngozi ya kichwa chake ikiinuka, nyeupe kwa ukavu, na yeye ametulia kama mtu aliye kanisani. Watoto wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba kulia ni kazi ya ziada. Hilo lilinikasirisha kuliko fundo lolote.

"Nimesema nibane!"

Akanigusa kwa vidole viwili, kidogo, kama anayejaribu kama sahani ni ya moto.

Vitu vilianza kuanguka kwenye nguo yangu. Majani ya godoro. Kipande cha mkaa. Gamba la samaki. Punje ya harage. Na nywele zilizokufa, rundo baada ya rundo, zile ambazo zingetoka zenyewe kwenye chanuo kila jioni kama kweli chanuo lingekuwepo. Yoland alileta kiti chake karibu ili asipitwe.

"Ukiona ufunguo wangu humo uniambie. Niliupoteza wiki ya Krismasi."

"Kuna harage moja tu."

"Lete hilo harage. Bei ilivyopanda."

Lovena alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, akakizima mara moja, lakini tulikisikia. Yoland alinitazama, mimi nikamtazama. Hakurudisha kiti chake nyuma tena.

Madan Olibris alipita mara kadhaa, mara anachota maji, mara anaanika. "Bado tu? Simbi anakuchosha?" Nadège alikuja kusimama pembeni, nywele zake zimesukwa vizuri na vibanio vyeupe vya sikukuu. Alitazama kwa muda mrefu, mpaka mama yake alipomwita.

Kufikia jioni shingo yote ilikuwa wazi, na upande wa kulia nusu. Vidole vyangu vilikuwa vimevimba kama ndizi nilizoziacha. Upande wa kushoto palibaki fundo moja kubwa, gumu kama kokwa. Nililipaka mafuta, nikalivuta, nikalichokonoa kwa shazia. Halikusogea.

Madan Olibris akaja na wembe, akauweka kwenye goti langu taratibu, kama anayenipa zawadi. "Hapo hapo tu. Kidogo. Nani atajua?"

Nilitamani. Siwezi kusema sikutamani. Mgongo ulikuwa unaniuma na lile fundo lilikuwa moja tu. Lakini mkono wa Lovena ulikuwa kwenye mguu wangu, na safari hii alibana. Alibana kweli, kwa kucha. Kesho yake nilikuta alama.

"Chukua wembe wako, Madan," nilisema. "Utakatika bure."

Nilililoweka fundo kwa mafuta yaliyobaki, nikafunga kichwa chote kwa majani ya mnyonyo na kitambaa juu yake. Kisha nikasimama, sijui mtoto atalala wapi. Kule mbele kulikuwa na wembe. Nenenn alitoka ndani, akatupa mkeka karibu na wangu bila kututazama.

"Alale hapo. Kesho nina wateja, sitaki kelele."

Hiyo ndiyo Nenenn.

Asubuhi kengele zililia, watu wakavaa, Madan Olibris na Nadège wakaenda misa na kofia zao. Niliendelea. Mafuta yalikuwa yamefanya kazi yao. Lile fundo lilikuwa bado fundo, lakini lilikuwa na ngozi laini, na shazia ilipata mlango. Nikatoa unywele, nikatoa mwingine. Chini kabisa niligusa kitu ambacho hakikuwa nywele. Kilikuwa bapa, na kilikuwa na pindo.

"Yoland," niliita. "Njoo uone."

Ulikuwa utepe. Wa kijani zamani, sasa karibu mweusi. Ulikuwa umefungwa bado, mafundo mawili na masikio mawili, umebana msuko mdogo mmoja ambao haukuwahi kufunguliwa. Nywele zote zilizokuwa juu yake zilikuwa zimeota, zimekatika, zimeshikana, zimeufunika, na wenyewe ukabaki humo ndani, umekaa kama ulivyofungwa.

"Nani alikufunga huu?" nilimuuliza Lovena.

"Mama. Siku ya kuja."

"Na baadaye nani alikuchana?"

Lovena alifikiri. Alitaka kutusaidia, niliona, alitafuta jina. Mwisho akainua mabega.

Yoland alikuwa ameketi chini kabisa, kwenye vumbi, na gauni lake la sikukuu. Hakusema kitu. Yoland, hakusema kitu.

Madan Olibris aliporudi misa alikuta ua umejaa. Watu walikuwa wamepita kununua ndizi na wakabaki. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na bomba, na ule utepe nimeushika kwa ncha mbili. Sipendi kutazamwa. Siku hiyo nilitazamwa na kila mtu, na sikukunja shingo.

"Pepo hafungi utepe, Madan," nilisema.

"Ni kitambaa tu hicho."

"Ulisema unamchana kila jioni. Utepe huu ulifungwa milimani, na mama yake. Ulikuwa unachana nini?"

"Labda Simbi aliununua kwenye mitumba yako!" Yoland alipata sauti yake tena, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko. "Alikuja na kapu, Simbi, akauliza bei, ukampunguzia!"

"Chekeni!" Madan Olibris alivua kofia, akaitupa kwenye kiti. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa muda mfupi alionekana amechoka tu. "Chekeni. Nani kati yenu alikuja kunisaidia? Nina mikono miwili, nina wangu wa kumchana, nina biashara. Nimemlisha. Nimempa pa kulala. Nani alinichana mimi?"

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Sasa ndipo nikatumia maji. Nilimwosha Lovena mara mbili kwa sabuni ya kufulia, maana ndiyo tuliyokuwa nayo, na maji ya mwisho yalitoka meupe. Nywele zilikuwa zimepungua upande wa kushoto, lakini zilikuwepo. Zilijikunja zenyewe, nyeusi, ndogo ndogo, zikafika kwenye masikio. Nilimsuka mistari minne. Yoland alileta vibanio vinne vya manjano vya binti yake aliyeolewa. Lovena alipitisha kidole chake kwenye mstari, kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, akarudia, akarudia. Alikuwa anagusa ngozi ya kichwa chake.

"Hodi!" sauti ikaita langoni.

Anièse alikuwa mwanamke mfupi, miguu ina vumbi la njia nzima, kapu la mikate ya muhogo kichwani. Lovena alikimbia. Hakukuwa na swali la kujuana au kutojuana; kapu lilianguka, mikate ikasambaa, na mama akampiga busu kwenye kila mstari wa nywele, akizinusa, akicheka, akilia.

Nami nilifurahi. Nilidhani tumemaliza.

Mlango wa mbele ukafunguka. Madan Olibris alitoka na kofia yake imerudi kichwani, mikono imenyooshwa, uso una asali. "Dada yangu Anièse! Karibu, karibu! Umeona mwanao? Umeona nilivyomtunza? Tazama kichwa hicho, sema kama kuna mtoto wa tajiri mwenye kichwa kama hicho!"

"Mungu akulipe, wifi," Anièse alisema, anashika mikono yake, anaibusu. "Nilikuwa na wasiwasi usiku na mchana. Nilisema, mtoto nimempeleka wapi? Sasa naona. Mtoto mwenye nywele hivi anapendwa."

"Kama wangu."

"Basi abaki. Nilifikiri labda nimchukue, mashamba yalivyo, lakini hapana. Abaki kwako asome. Mwakani, kahawa ikikubali, nitakuja."

Lovena alikuwa ameacha kugusa nywele. Alikuwa anatazama chini.

Nilielewa nilichokifanya. Wembe ungemwacha na kichwa kitupu, na mama angeuliza swali. Mimi nilikuwa nimeliondoa swali, unywele kwa unywele, kwa mafuta ya Nenenn. Nilikuwa nimempamba mtoto ili aachwe vizuri.

Nilimtazama Yoland. Aligeuza uso. Ni sikukuu, mgeni ametembea kutoka milimani, nani atamharibia siku? Watu wote waliocheka muda mfupi uliopita walikuwa sasa wanaokota mikate ya muhogo, wanaipangusa, wanairudisha kwenye kapu kwa heshima. Madan Olibris alijua. Alinitazama juu ya bega la Anièse, na macho yake yalisema: haya, msusi.

"Dada Anièse," niliita.

Hakusikia. Nilikuwa nimeita kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo haisikiki.

"Dada Anièse!"

Akageuka. Wote wakageuka.

"Nywele hizo nimezisuka mimi. Leo. Huyu hajaguswa na chanuo tangu siku uliyomleta. Utepe wako nimeutoa humo ndani mwenyewe, ulikuwa umefungwa kama ulivyoufunga, ule pale juu ya bomba, nenda ukautazame. Jana wifi yako alitaka kumnyoa kwa wembe ili usijue. Muulize anasoma shule gani. Muulize yeye, usimuulize wifi yako."

"Mwongo huyu!" Madan Olibris alipiga kelele. "Mwongo! Mfanyakazi wa jikoni, anajua nini?"

Anièse alikwenda kwenye bomba. Aliuchukua utepe, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye yale masikio mawili. Kisha akamuuliza mwanawe, taratibu, "Lovena, shule yako iko wapi?"

"Geti lake ni la kijani," Lovena alisema. "Ndani sijui."

"Mchukue leo," nilisema. "Usimlaze hapa hata leo."

"Wisline," Nenenn alisema nyuma yangu. "Inatosha."

Haikutosha. Anièse alikuwa ameushika mkono wa mwanawe, lakini alikuwa bado amesimama, anatazama njia, anatazama kapu, anahesabu milima kichwani. "Kule hakuna kitu, mdogo wangu," aliniambia. "Wewe hujui. Ni mwaka mmoja tu. Unajuaje kwamba mwakani sitakuja?"

Nilikuwa nimelibeba jibu hilo tangu darasa la nne, na sikuwahi kumpa mtu, hata Nenenn, ambaye alikuwa amesimama pale pale na mwiko wake.

"Kwa sababu mama yangu naye alisema mwakani," nikamwambia. "Na mimi bado nipo hapa."